Kijiko cha Kutoa Uchawi

Kuna miezi minne nilikaa Guangzhou bila pasipoti mkononi. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitokana nalo, hata habari ya maziwa. Pasipoti ilikuwa kwa wakala, na wakala alikuwa na majibu mawili tu, "kesho" na "wiki ijayo". Viza yangu ilikuwa imekwisha. Mimi mama mzima, mfanyabiashara wa nguo za watoto, mwenye watoto wawili na kiti katika baraza la kanisa, nilikuwa natembea nikiambaa ukuta kama mwizi wa kuku.

Ulikuwa mwaka 2008. Mashindano makubwa ya michezo yalikuwa yamekwisha kule Beijing, na sisi tuliokuwa tukiambiana "yakiisha watalegeza" tuliona aibu. Hawakulegeza. Askari walisimama kwenye milango ya metro, wakaingia Tianxiu Dasha, jengo la maduka ya Waafrika, wakapanda ghorofa moja baada ya nyingine, wakaja na kwetu Sanyuanli. Swali lao lilikuwa neno moja, huzhao, yaani pasipoti, na asiyekuwa nayo alishuka nao mpaka kwenye gari. Wengine tulipata habari zao baadaye, wamefika makwao mikono mitupu na mzigo umebaki ghalani.

Nilikuwa nimepanga chumba ghorofa ya sita kwa bibi mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi mtu wa Rombo, na hakuacha kunikumbusha. Alikuja China kumfuata mwanawe wa pekee, aliyekuwa akinunua mikoba Shiling, mji wa viwanda nje ya jiji. Mwanawe alilala huko huko siku tano za wiki, kwa hiyo akaona mama yake akae na mpangaji mwanamke anayesikia lugha yake. Nilimwita Ba, ndilo neno lao la mama. Yeye aliniita mwanangu, na nikimuudhi aliniita Mchaga.

Ndani ya nyumba ile tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa Mtoto.

Mtoto alikuwa wa shaba, urefu wake kiganja. Alikuwa anatambaa, goti moja chini, mkono wa kulia ameshika donge la siagi. Ni Krishna, mungu wao, katika umri ule wa kuiba siagi kwenye vyungu vya majirani. Kaka, yaani mwanawe Ba, alimgeuzia stoo iliyokuwa pembeni mwa jiko ikawa chumba chake, wakatundika pazia jekundu mlangoni na bembea ndogo ya mbao ndani. Wiki ya kwanza nilisema, "Ba, sanamu yako nzuri." Ba akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia wawili.

"Na mie nikija kwako nikakwambia sanamu zako nzuri?"

Sikurudia tena. Nilijifunza ratiba ya Mtoto kuliko nilivyojua ratiba ya wanangu wenyewe, Mungu anisamehe. Asubuhi aliamshwa kwa kengele, akaoshwa, akavishwa. Saa sita akala chakula chake kikubwa. Mchana akalazwa kwenye bembea, akafunikwa leso, pazia likashushwa, na mpaka saa kumi hakuna mtu kupaza sauti wala kugonga sufuria. Akiamka alipewa maziwa ya vuguvugu. Ba hakutia kitu mdomoni ambacho Mtoto hakukila kwanza. Kilichowekwa mbele yake kikirudi kiliitwa prasadi, na hicho ndicho tulichokula sisi.

Mambo mengi ya nyumba ile yalikuwa ya maziwa. Kwa siku zake kubwa Mtoto aliogeshwa kwa vitu vitano: maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, na Ba alinieleza kila kimoja huku akimimina. Maziwa ni usafi, maana ng'ombe anampa hata asiyemzaa. Mtindi ni uzazi, maana wa leo hutoka kwa wa jana. Samli ni nuru, na ndiyo iliyowaka kwenye taa yake kutwa nzima. Asali ni kauli njema. Sukari ni raha. "Weye katika hivyo vitano unacho cha tano tu," aliniambia, kwa sababu nilipenda chai tamu na sikuwa na kauli njema.

Mtindi wenyewe ulikuwa na safari yake. Ba aliurithi kwa mama mkwe wake. Alipotoka Tanga alichovya leso kwenye mtindi, akaianika ikakauka, akaikunja ndani ya kitabu cha sala. Alipofika Guangzhou akailoweka katika maziwa ya vuguvugu, na kesho yake yakaganda. Kila siku tangu hapo alichota kijiko kimoja cha mtindi wa jana akakitia katika maziwa ya leo. Alikuwa akiniambia kwamba mtindi ule una umri mkubwa kuliko reli ya Tanga. Sikumwamini, lakini sikubisha.

Siku moja alikuwa ameketi chini anapekecha siagi, kijiti kinazunguka katikati ya viganja vyake. Akaniuliza samli iko wapi kabla hujaipekecha. Nikasema imo ndani ya maziwa. "Unaiona?" Siioni. "Basi na Mungu ndivyo alivyo humu duniani. Mpaka ugandishe, upekeche, uunguze moto. Mtu mvivu atakufa anasema hakuna kitu."

Maneno hayo niliyapenda sana, mpaka habari za maziwa zilipotoka.

Kila mtu aliyekuwepo anakumbuka. Watu walikuwa wamechanganya unga wa kiwandani katika maziwa, watoto wachanga wakaugua figo, wengine wakafa. Picha za watoto hospitalini zilikuwa kwenye televisheni ya kila duka. Mama muuza vifungo niliyezoea kununua kwake, mama mkali asiyepunguza bei hata umlilie, nilimkuta amekaa nyuma ya meza na mjukuu mapajani, analia. Na sasa nilipomtazama Ba anapekecha nilijiambia: sumu nayo imo, na huioni.

Kaka alipiga simu kutoka Shiling. "Ba, please, stop maziwa. Mpe matunda tu."

"Mtoto hali matunda asubuhi."

"Ba, watu wanakufa."

"Huyu ameshanyonya sumu," Ba akajibu, akakata simu. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimejificha nyuma ya kikombe changu, akanihadithia. Kuna zimwi la kike lililojigeuza mwanamke mzuri, likapaka sumu kwenye ziwa lake, likaja kumnyonyesha Krishna akiwa mchanga. Mtoto akanyonya maziwa, akanyonya na sumu, akanyonya na roho ya zimwi. Akanihadithia vilevile malkia aliyemwabudu Krishna, ndugu za mume wakampelekea sumu, akaiweka kwanza mbele ya mungu wake, akainywa yote asidhurike. Na kwamba hapo mwanzo miungu ilipoipekecha bahari ya maziwa itafute kinywaji cha uzima, kilichotoka kwanza ni sumu.

Nilimwambia hadithi zake hazinisaidii kulala. Akacheka sana. Kwa Ba, kitu kikishaliwa na Mtoto hakiwezi kukudhuru. Angekunywa chochote kilichotoka nyuma ya pazia lile, na hilo ndilo lililonitisha.

Tuliacha maziwa ya pakiti. Mlinzi wa mlangoni alimtafutia Ba mzee mmoja mwenye ng'ombe wachache huko nje, ng'ambo ya uwanja wa ndege, aliyekuwa akija na chupa asubuhi na kuitundika kwenye kitasa chetu. Ng'ombe wenyewe hatukuwahi kuwaona. Chupa ilikuwa ya plastiki, ya mafuta ya kupikia, imeoshwa. Muda huo Ba huwa bafuni, kwa sababu hawezi kumgusa Mtoto kabla ya kuoga na kubadili nguo, na Ba kuoga si dakika kumi. Kwa hiyo aliyepokea chupa ni mimi.

Sasa nieleze cha kwetu. Kwetu Rombo mtu akikuletea mbege, pombe yetu ya ndizi, hakupi kata ukanywa. Anakunywa yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Tunaita kutoa uchawi. Maana yake: mimi niliyekupa nimekunywa, kama kuna kitu basi tufe wote. Asiyeonja kwanza hana adabu, au ana lake jambo. Nilikua hivyo, bibi yangu alikua hivyo. Kumpa bikizee maziwa ya mtu nisiyemjua bila kuonja, mkono wangu ulikataa.

Asubuhi ya kwanza nilifungua chupa, nikachukua kijiko kidogo cha chai, nikaonja. Nikakaa jikoni nisikilize tumbo langu. Ba akatoka kuoga akiimba, akayachemsha, akampelekea Mtoto, akarudi akanywa. Sote tukawa wazima. Asubuhi ya pili nikafanya vilevile, na ya tatu, mpaka ikawa ndiyo sala yangu ya asubuhi. Nilijua sumu ya mwaka ule haikuwa ya kuangusha mtu kwa kijiko kimoja. Lakini woga hausikilizi hesabu hiyo.

Na nilijua pia sheria ya Ba. Siwezi kusema sikujua. Chakula cha Mtoto hakionjwi. Ba alipika dengu maisha yake yote bila kuonja chumvi, na nilipomuuliza hukosei, alisema akikosea Mtoto anamsamehe. Hata harufu hakuivuta, aligeuza uso chungu kikifunuliwa. "Ukinusa umeshakula nusu," alisema. Kilichotangulia kuguswa na ulimi wa mtu ni masazo, na mgeni hapewi masazo, sembuse Mungu. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nampelekea Mtoto masazo yangu, nikiosha kijiko upesi kabla bomba la bafuni halijanyamaza.

Mara moja nilikaribia kusema. Tulikuwa tunachambua mchele, nikamhadithia habari ya mbege na kutoa uchawi, nikizunguka mbali nione uso wake. Ba alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Nyie Wachaga mnaogopana wenyewe kwa wenyewe!"

"Si kuogopana, Ba. Ni upendo."

"Upendo wa kukaguana?" Akajifuta macho kwa ncha ya sari. "Lakini hata kwetu yupo aliyeonja. Bikizee mmoja. Si habari ya huyu Mtoto, ni ya alipokuja duniani kwa umbo jingine, lakini ni yule yule. Huyo bikizee akikaa msituni peke yake, anamngojea mungu wake apite, kila siku anachuma matunda ya kunazi…"

Simu yangu ikalia. Alikuwa dada mmoja wa Mombasa, tuliyekuwa tukichanga kontena pamoja. "Wewe uko wapi? Usitoke! Wako Tianxiu, wanacheck floor kwa floor, wamebeba watu wa kago wote. Na wamesema kesho ni huko kwenu. Huzhao yako umepata?"

"Bado."

"Basi zima taa, lala chini, jifanye umekufa."

Niliweka simu chini. Ba aliniuliza nini, nikamweleza. Akainua ungo wake, akaendelea kuchambua. Habari ya bikizee wa kunazi hatukuirudia.

Kesho yake hawakuja, wala keshokutwa, na kungoja kukawa kubaya kuliko kuja. Sikushuka chini siku nane. Nilijua mlio wa lifti, nilijua hatua za kila jirani. Vyumba viwili vya ghorofa ya nne vilikuwa vya vijana wa Kikongo, muziki wao ulikuwa ukinikera kutwa. Asubuhi moja muziki haukusikika. Nilishukuru ukimya ule kwa muda wa chai, kisha nikaelewa, na chai ikanikataa.

Walikuja mchana wa siku ya tisa, saa nane na kitu. Mtoto alikuwa amelala.

Hawakugonga kwa fujo. Waligonga mara tatu, wakasubiri. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule na pini za kushonea mdomoni. Ba alikuwa jikoni, maziwa ya saa kumi yako kwenye sufuria juu ya jiko, taratibu. Alitazama mlango, akanitazama mimi. Akaja akanishika mkono, akainua pazia jekundu, akanisukuma ndani.

Katika chumba kile mimi sikuwa nimewahi kuingia. Anaingia aliyeoga, aliyefunga, aliyevaa nguo safi. Mimi nilikuwa nimetoka kula samaki wa kopo kwa siri chumbani kwangu. Pazia likashuka nyuma yangu, nikabaki nimejibana kati ya ukuta na bembea, goti langu linagusa mbao, na Mtoto yuko chini yangu, leso imemfika kidevuni. Taa ya samli ilikuwa inawaka. Kwenye ukingo wa pazia palikuwa na upenyo wa kidole.

Walikuwa wawili, na mlinzi wa jengo nyuma yao. Kijana alichukua pasipoti ya Ba, akaikagua, ilikuwa safi, Kaka alihakikisha hilo. Mkubwa wake, mwenye mvi za pembeni, alizunguka. Aliingia chumbani kwangu. Niliona mgongo wake ukisimama mlangoni, akitazama sampuli zangu zilizotundikwa ukuta mzima: vigauni, vikaptula, soksi za kiganja, fulana za mtoto wa mwezi mmoja na za miaka minane. Akatoka, akauliza nani mwingine anaishi hapa.

Ba akalaza shavu juu ya viganja. "Haizi," akasema. Mtoto. "Haizi shuijiao." Mtoto amelala. Akaelekeza kidole kwenye pazia.

Hakusema uongo. Nimeirudia sentensi ile mara nyingi, na haina uongo ndani yake.

Askari wote wawili wakashusha sauti. Nilidhani basi, yamekwisha. Kisha yule mwenye mvi akaona sufuria. Aliisogelea, akainama, uso wake ukabadilika. Alianza kusema haraka, na katika maneno yake nilishika machache: maziwa, mtoto, hospitali. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamwonya. Alimwuliza Ba mtoto ana umri gani, na Ba akafungua viganja kumwonyesha, mdogo, anatambaa. Yule mzee akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema tena hospitali, akaja moja kwa moja kwenye pazia. Alitaka kumwona mtoto. Alitaka kumtazama rangi, kama anavyofanya babu yeyote.

Wema wake ndio ungenimaliza. Niliona vidole vyake vikishika kitambaa. Nilisema Baba Yetu, nikafika "utuokoe" nikasahau kinachofuata.

"Laoban!" Ba aliita, vile tunavyowaita wauza duka, neno alilolijua. Askari akageuka. Ba alikuwa ameshachota bilauri nzima kwenye sufuria. Akaiinua wamwone, akanywa. Hakunywa funda moja. Alikunywa mpaka chini, shingo yake inapanda na kushuka, akaigeuza bilauri waone haina kitu.

"Hao," akasema. "Mei wenti." Yako sawa, hamna tatizo.

Askari akaachia pazia. Wakati huohuo goti langu lilitetemeka likaisukuma bembea, na mnyororo wake ukalia kidogo. Ba akaweka kidole mdomoni. Yule mzee naye akaweka kidole mdomoni, akamwambia mwenzake watoke polepole. Walifunga mlango kwa mikono miwili usijibamize.

Nilipotoka Ba alikuwa ameketi sakafuni, bilauri imelala mapajani, mstari wa maziwa juu ya mdomo. Sikumwona akilia kabla ya siku ile. "Nimemtangulia," alisema. "Amelala mle, ana njaa, na mie nimemtangulia."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, pale pale kilipopita kijiko asubuhi ile. Ba, hukumtangulia wewe, nimemtangulia mimi. Chupa ile ile. Na jana, na juzi, na wiki saba nyuma. Kosa si lako, mama, kosa lina mwenyewe.

Sikusema. Nilijiambia nikimwambia nitamuua, akijua kwamba Mtoto amekula masazo siku hamsini. Huo ulikuwa udhuru wangu mzuri, wa kuvaa kanisani. Ukweli ni kwamba niliogopa atanifukuza, na nje kulikuwa na askari, na pasipoti yangu ilikuwa kwa mtu wa "kesho".

Ba aliyachukua yale maziwa yaliyobaki akayamwaga kwenye shina la mrihani wake mtakatifu pale barazani. Mtoto alipoamka alipewa maji na tende. Jioni Ba akaweka nadhiri: mwezi mzima hatagusa maziwa, wala mtindi, wala siagi, wala samli, na atakula mara moja kwa siku. Mtoto angeendelea kupata vyake vyote, kwani kosa si lake. Na kwa kuwa prasadi haitupwi, na Ba haigusi, ikawa ya kwangu.

Basi nikala. Asubuhi bilauri ya maziwa, mchana mtindi ule wa Tanga, Ijumaa peda, vile vitamu vya maziwa na iliki. Niliacha kuonja chupa siku ile ile ya askari, kwa sababu mnywaji sasa nilikuwa mimi na sikuwa na wa kumlinda. Mashavu yangu yakajaa. Ba alikaa mbele yangu na wali wake mkavu na dengu, akanitazama nikila, akafurahi. "Kula, mwanangu. Mtoto anapenda chake kiliwe."

Wiki ya tatu wakala alileta pasipoti, viza imegongwa. Nilipiga vigelegele, Ba akanipaka nukta nyekundu kwenye paji la uso. Sasa sikuwa na cha kuogopa, na bado sikusema. Nilijiambia zimebaki siku chache za nadhiri, ya nini kumchafua. Nadhiri ilipokwisha bangili zake zilikuwa zinateleza mpaka kwenye kiwiko. Alijaribu maziwa, tumbo likayakataa. Kaka alikuja kutoka Shiling, akamwona, akatoka akaenda kusimama kwenye ngazi. Wiki iliyofuata alikata tiketi.

Kabla hajaondoka Ba alichovya leso kwenye mtindi, akaianika, akaichana katikati. Nusu akaitia kitabuni, nusu akanipa. Mtoto alisafiri ndani ya blauzi yake, upande wa moyo. Aliniambia nikifika nyumbani niloweke leso katika maziwa ya ng'ombe wetu, na nisiuache mtindi ufe.

Alikufa Tanga kabla ya masika. Kaka alinipigia yeye mwenyewe. Daktari alisema moyo, na alikuwa mtu mzima. Sisemi ni ile nadhiri. Nasema tu nilimwona alivyoingia katika mwezi ule na nilimwona alivyotoka.

Mimi nilirudi nyumbani mwaka uliofuata. Leso iligandisha. Ninao mtindi ule mpaka leo.

Miaka kadhaa ilipita. Siku moja niliingia duka la vyombo mjini Moshi kununua sufuria ya maziwa. Mwenye duka, mama wa Kihindi wa rika langu, alikuwa anamlisha mjukuu wake juu ya kaunta, na kila kijiko alikigusa kwanza kwa midomo yake asikie moto. Nikamtania: kumbe na kwenu mnaonja? Nilidhani ni kwa Mungu tu hamwonji.

"Hata Mungu alishaonjewa," akajibu, macho kwa mtoto. "Hujasikia ya bikizee wa kunazi?"

Nilimwambia nimeisikia mwanzo wake.

Akanimalizia. Bikizee alikuwa anachuma kunazi kila siku amngojee bwana wake. Akaogopa asije akampa chungu, au yenye mdudu. Kwa hiyo akauma kila moja. Kali akatupa, tamu akaweka. Siku bwana alipopita, akamwekea mbele yake kikapu cha kunazi zilizoumwa zote. Na bwana akala. Akasema tangu azaliwe hajala kitu kitamu vile.

"Hakukasirika?" niliuliza.

"Akasirike nini? Aliyeonja kwa kumpenda hajachafua kitu." Akamfuta mjukuu mdomo.

Nikamwuliza kama hadithi hiyo inajulikana na wengi, kama na Tanga wanaijua mpaka mwisho wake. Akanitazama kwa mara ya kwanza, akacheka.

"Tanga? Mama, hakuna Ba asiyeijua."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za duka, nikikumbuka ungo wa mchele na simu iliyolia kabla Ba hajafika mwisho. Sufuria niliisahau juu ya kaunta, na sikurudi kuichukua.